Bustani Isiyomwagiliwa: Beth Chatto na Kalamu Yake

(Mhadhara uliotolewa Dodoma mbele ya wanafunzi wa kilimo, wenye vitalu vya miche na wapenzi wa bustani)

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu wenye vitalu, mlioacha miche kando ya barabara mje kunisikiliza, poleni na jua. Wanafunzi, hamjambo.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Nilipohamia hapa Dodoma nilitoka Moshi, na kwa mtu wa Moshi bustani ni ukoka. Basi nikapanda ukoka, uwanja mzima, kutoka barazani hadi getini. Mvua ikakata Aprili. Juni nikaanza kununua maji ya boza. Agosti mume wangu akaniuliza, kwa upole kabisa, kama pale mbele tunafuga bustani au tunafuga ng'ombe, maana hata ng'ombe hanywi vile. Septemba ukoka wote ukawa rangi ya mkeka. (Kicheko.) Chekeni tu, wengine hapa nimepita kwenu nikaona.

Siku zilezile ndugu yangu mmoja anayeishi Colchester, Uingereza, akanitumia picha. Bustani ya mwanamke mmoja wa huko, imefurika maua ya zambarau na ya njano, nyasi ndefu zinameremeta, chini changarawe tupu. Akaandika: hii haimwagiliwi. Nikamjibu asinitanie, Uingereza mvua haikauki. Akanirudishia takwimu. Upande ule wa mashariki, mkoa wa Essex, ni miongoni mwa sehemu kavu kuliko zote Uingereza: hupata kama milimita 500 kwa mwaka. Sisi Dodoma wastani wetu uko kati ya 500 na 600. Maana yake mwanamke yule wa Essex alikuwa na mvua kama yangu, au pungufu, na ukoka wangu ulikuwa umekufa.

Nitarudi kwenye hesabu hiyo, kwa sababu ina mtego ndani yake. Kwanza mwanamke mwenyewe.

Beth Chatto alizaliwa mwaka 1923 hukohuko Essex. Baba yake alikuwa polisi, na wazazi wote wawili walipenda bustani. Alisomea ualimu wakati wa vita. Mwaka 1943 akaolewa na Andrew Chatto, mkulima wa matunda. Nasisitiza ualimu kwa sababu hakuwahi kusomea bustani chuoni. Vitu vitatu ndivyo vilivyomfundisha: mume, rafiki mchoraji, na ardhi mbaya.

Mume kwanza. Andrew alikuwa mkulima wa matunda mchana, lakini shauku ya maisha yake ilikuwa swali moja: mimea hii tunayopanda bustanini, kwao ni wapi? Huu umetoka kwenye mteremko wa mawe au kwenye bonde la maji? Chini ya miti au juani? Alisoma na kukusanya habari hizo miaka na miaka. Mnajua, sisi mgeni akija tunamuuliza kwanza, "Kwenu wapi?" Tukishajua, tunajua tumpikie nini. Mmea tunaununua bila kuuliza, tunauona umechanua kwenye kiriba, tunaubeba. Andrew aliuliza mimea swali hilo la mgeni, na mkewe akalifanyia kazi kwa jembe.

Rafiki mchoraji alikuwa Cedric Morris, aliyeishi Benton End, mjini Hadleigh, mkoa wa jirani wa Suffolk. Alikuwa mchoraji wa sifa na mtunza mimea wa ajabu, nyumba yake imezungukwa na mimea ambayo hukuiona kwa watu wengine. Huko Beth alizoesha jicho lake kuona mmea wenyewe, umbo lake, jani lake, kabla ya ua. Na aliondoka na vipandikizi, kama sisi sote tunavyoondoka na vipandikizi tukitembelea watu. Usiniambie wewe hujawahi.

Halafu ardhi. Mwaka 1960 walijenga nyumba Elmstead Market, karibu na Colchester, kwenye kipande cha shamba la Andrew ambacho hakikulimika. Sehemu moja changarawe na mchanga, maji hayakai. Sehemu nyingine bonde lenye chemchemi, tope tupu. Mkulima mwenye akili alikuwa amekiacha kiote magugu. Kwa Beth kile kilikuwa zawadi, ingawa sidhani kama siku ya kwanza alikiona hivyo. Mimea ya mawe akaipeleka kwenye mawe. Ya maji akaipeleka bondeni, akaziba mfereji akapata mabwawa. Hakubadilisha udongo uufuate mmea. Alitafuta mmea ambao kwao ni udongo kama ule. Kauli yake iliyokuja kujulikana kote ni hiyo: mmea sahihi, mahali sahihi. Ni maneno manne tu, lakini yamewaponza wengi wanaoyarudia bila kwenda kuangalia udongo wao.

Mwaka 1967 akafungua kitalu, akakipa jina lenye maana ya "mimea isiyo ya kawaida". Miaka ile watu walitaka maua makubwa, waridi, dalia kama sahani. Yeye akauza vitu vya majani, vitu vya kijani kwa kijani. Alipoanza kupeleka mimea kwenye maonyesho ya Chama cha Kifalme cha Bustani jijini London, inasimuliwa kwamba jaji mmoja alitaka aondolewe kwa sababu meza yake ilikuwa imejaa magugu. Nampenda jaji huyo. Kila fani inamhitaji mmoja, ili tujue baadaye tumetoka wapi. Kwa sababu kati ya 1977 na 1987 magugu hayo yalimpatia medali 10 za dhahabu kwenye maonyesho ya Chelsea, yanayofanyika London kila Mei na ambayo kwa watu wa bustani ndiyo fainali.

Sasa nasimama hapa kidogo, kwa sababu leo sikuja kuzungumzia medali za meza. Bustani nzuri ni nyingi duniani, na mwenye bustani akifa, mara nyingi miaka mitano haifiki imekwisha. Kilichomtoa Beth Chatto Elmstead Market kikamfikisha hadi kwenye simu yangu Dodoma ni kuandika.

Kiangazi cha 1976 Uingereza ilipata ukame ambao watu wake wanausimulia mpaka leo. Miaka miwili baadaye, mwaka 1978, akiwa na miaka 55, akatoa kitabu chake cha kwanza, *The Dry Garden*, yaani bustani kavu. Fikirieni: watu wameona bustani zao zinakufa, na hapa anatokea mwanamke ambaye amekaa miaka 18 na changarawe, ameandika kipi kilikufa na kipi kilipona. Mwaka 1982 akaandika cha bustani ya majimaji. Mwaka 1988 akatoa daftari lake la bustani, mwezi kwa mwezi.

Hilo la daftari ndilo linalonigusa. Mtaalamu wa kawaida anakuandikia, "Panda kwa nafasi ya sentimita 30." Beth anakuandikia kama mtu aliyerudi ndani sasa hivi na tope kwenye viatu. Baridi imechoma nini, upepo umeangusha nini, amehamisha nini kwa sababu mwaka jana alikosea. Ukisoma unamwamini, kwa sababu hafichi kaburi la mmea. Sisi tukiandika tunapenda kuonekana hatujawahi kuua kitu.

Na alikuwa na mtu wa kubishana naye. Christopher Lloyd, mwenye bustani ya Great Dixter kusini mwa Uingereza, alikuwa gwiji wa kalamu. Aliandika safu ya kila wiki kwenye jarida la *Country Life* kuanzia 1963 hadi 2005, miaka 42. Mwaka 1970 alitoa kitabu kilichompa sifa kubwa, na ndani yake akaubeza mmea mmoja wa majani mapana mazito, Bergenia. Beth aliupenda mmea huo. Akamwandikia barua: kitabu chako kizuri, lakini kwa hili umekosea. Lloyd badala ya kununa akamwalika chakula cha mchana. Urafiki wao ukaendelea mpaka Lloyd alipofariki mwaka 2006. Mwaka 1998 walichapisha kitabu cha barua zao, na humo wanapingana waziwazi. Lloyd anataka rangi zipigane, yuko tayari kumwagilia ili apate anachokitaka. Beth anamwambia huku kwangu maji hayo hayapo. Barua za watu wawili wazee kuhusu mimea, na watu wakanunua! Nadhani ni kwa sababu ndani ya ule ubishi wa majani kuna watu wawili wanaoheshimiana.

Nije kwenye ile picha. Mbele ya bustani yake palikuwa na uwanja wa wageni kuegesha magari. Udongo umeshindiliwa na matairi miaka mingi, chini yake changarawe ya kina kirefu. Mwaka 1989 alikuwa New Zealand pamoja na Lloyd, akaona mto uliokauka, mimea imeota kwenye mawe ya mkondo. Miaka michache baadaye, majira ya baridi ya 1991 kuingia 1992, magari yakahamishiwa kwingine. Wakavunja lile tabaka gumu kwa trekta. Wakachanganya mboji. Beth akachukua mpira wa maji, akaulaza chini ukipinda huku na huku, akachora nao kingo za vitalu kama mkondo wa mto. Huo mpira ulifanya kazi ya kalamu, maana kazi yake ya kawaida haukuifanya tena pale. Miche ilipopandwa ilipewa maji ya kuanzia, ikafunikwa na matandazo ya changarawe, basi. Kiangazi kikija, kisichoweza kuishi kife, na yeye ataandika kwamba kimekufa. Kitabu cha jaribio hilo kilitoka mwaka 2000.

Na sasa mtego niliowaahidi. Nilipopata moyo, nikataka kupanda alivyopanda yeye. Lavenda, sijui nini. Ikafa. Milimita ni zilezile, lakini kwao zimetawanyika mwaka mzima, kidogo kidogo, na jua lao ni la huruma. Zetu zinashuka kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili, mara nyingine nusu yake kwa siku chache na kuondoka na udongo, kisha miezi saba hakuna kitu. Mimea yake mingi ni ya pwani za Mediterania. Imejikinga kwa manyoya meupe kwenye majani, majani madogo, mafuta yanayopunguza kukauka. Ya kwetu ina ujanja mwingine: inapukutisha majani na kulala, au inaweka akiba shinani. Mbuyu unafanya hivyo, waridi la jangwani linafanya hivyo, mishubiri inaweka kwenye majani. Nilikuwa nimenakili orodha ya Beth badala ya swali la Andrew.

Hapo ndipo nilipoanza daftari. Nina madaftari manne sasa, yale ya shule ya kurasa 96. Ukurasa wa kwanza unasema: "Ukoka umekufa. Nimekoma." Wa mwisho, wa wiki iliyopita, unasema mshubiri uliopandwa upande wa magharibi wa ukuta umekuwa mwekundu kwa jua lakini mzima.

Heshima zilimfikia. Chuo Kikuu cha Essex kilimtunuku udaktari wa heshima. Mwaka 2002 akapewa OBE, nishani ya heshima ya taifa la Uingereza. Lakini iliyo kubwa kwa watu wa fani yake ni Nishani ya Heshima ya Victoria, aliyoipata mwishoni mwa miaka ya 1980. Nishani hiyo ina utaratibu wa kupendeza: walio nayo kwa wakati mmoja hawaruhusiwi kuzidi 63, idadi ya miaka aliyotawala Malkia Victoria. Ili uingie, kiti lazima kiwe wazi. Alifariki Mei 2018, na miaka 94 yake. Mwaka 2020 bustani ikaingizwa kwenye orodha ya taifa ya mandhari ya kihistoria inayolindwa, pamoja na ule uwanja wa magari.

Jambo moja la kando halafu nifunge, naona mwenyekiti anaangalia saa. Kwenye bustani za Uingereza kuna ua wanaloliita mwenge, refu, jekundu na njano, jina lake la kitaalamu Kniphofia. Jamaa zake wamo kwenye milima yetu. Mmoja unaota kwenye nyanda za juu za Kenya na Tanzania. Waingereza wameuandikia kurasa kwa kurasa. Sisi tunaukanyaga tukipanda mlima.

Haya, maswali. Yule kaka mwenye kofia, wa kitalu cha pale njia panda.

(Swali: "Mwalimu, umesema mmea sahihi mahali sahihi. Mimi nikimwambia mteja mmea huu haufai kwako, nitakula nini?")

Swali zuri. Beth naye alikuwa na kitalu, alikula kwa kuuza miche. Lakini vitabu vyake vilishamwambia mteja: kwako pakavu, soma hiki, kwako majimaji, soma kile. Mteja alikuja anajua anatafuta nini, na mmea ukipona anarudi kununua mwingine.

("Mwalimu, wangu mmea ukifa ndipo anaporudi.")

(Kicheko kirefu.)

Kaka, hapo umenikamata. Jumamosi nakuja kitaluni kwako na daftari, unionyeshe wanaorudi wananunua nini.