Miaka ya muhogo na miaka ya mradi

Ndugu Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, na ninyi wanafunzi wa uzamili na uzamivu mliojaa huko nyuma, asanteni kwa kunikaribisha. Nimeombwa nizungumzie maisha na kazi ya mwanasayansi wa mimea chuo kikuu. Wanaonifahamu wanajua nitaishia wapi, basi nianze na hilo hilo: mmea una muda wake, nasi tumekubali kuuchunguza kwa muda wa mfadhili. Ruzuku ya miaka mitatu, ripoti ya katikati, ripoti ya mwisho, makala mbili, kwaheri. Nimelisema kwenye baraza la kitivo, nimelisema kwenye kamati za kupandisha vyeo, na leo nalirudia kwa sababu bado halijafanyiwa kazi.

Twendeni Amani, kile kituo cha utafiti wa kilimo kule Usambara Mashariki, Tanzania. Historia ya kituo mnaijua, siirudii. Mimi nataka muhogo tu.

Batobato, ugonjwa wa virusi unaokunjakunja majani ya muhogo na kuyatia madoa ya njano, ilishaandikwa na mtaalamu wa mimea Warburg mwaka 1894, enzi za Wajerumani. Miaka ya 1930 yupo pale Amani mtaalamu wa magonjwa ya mimea, H. H. Storey, ambaye alikwishafanya kazi kubwa kuhusu michirizi ya mahindi na mdudu anayeieneza. Mwaka 1936 akaandika juu ya ugonjwa mwingine wa muhogo, huu tunaouita michirizi ya kahawia. Nani hapa ameshawahi kupasua muhogo wenye ugonjwa huo? Naona mikono michache. Shamba linaweza kuwa limesimama vizuri, majani yana umanjano kidogo pembezoni mwa vishipa, mkulima haoni cha kumtisha. Anang'oa, mizizi mingine minene tu, ganda zima. Anapasua, na ndani ya ule weupe kuna mabaka ya kahawia, makavu, magumu kama kizibo. Anakata mbele kidogo, baka lipo. Chakula cha mwaka mzima ardhini, na habari anaipata siku ya kuvuna.

Sasa Storey, na baadaye watafiti wenzake wa Amani, Nichols, na baada yake Jennings, wakatafuta kinga ya magonjwa hayo. Hawakuipata ya kutosha ndani ya muhogo wenyewe, wakaenda kwa jamaa yake, mti wa mpira wa Ceará, *Manihot glaziovii*. Wakachavusha. Chotara wa kwanza ana kinga, lakini mizizi yake ni ya mti: haina wanga wa maana, hailiki. Unamrudisha kwa muhogo, yaani unamchavusha tena na muhogo, unapata watoto, unachagua. Unamrudisha tena, unachagua. Unamrudisha mara ya tatu.

Hapo naomba tuhesabu pamoja, maana ndipo watu wanaponikatiza. Tunda la muhogo linachukua kama miezi mitatu tangu uchavushe hadi likomae, na ndani yake mbegu hazizidi tatu. Kila mbegu ni mche wa aina yake, haufanani na ndugu yake. Mche huo unaukuza karibu mwaka mzima ndipo uone mizizi. Ukikupendeza, unakata pingili chache, unapanda mstari mmoja, unasubiri mwaka mwingine. Mwaka wa tatu labda una kijishamba. Na ugonjwa nao hauji kwa ratiba yako; msimu mmoja nzi weupe wanaoueneza ni wachache, kila kitu kinaonekana kina kinga, msimu unaofuata ndio unajua ukweli. Hiyo ni hatua moja tu ya kurudisha. Sasa niambieni, kwenye miaka mitatu ya mradi, Storey angeandika nini kwenye ripoti ya mwisho? Angeandika kwamba ana miti yenye mizizi isiyolika, na mfadhili angefunga faili.

Kazi ile ilikwenda hadi mwaka 1957 ndipo programu ikafungwa. Lakini mwaka mmoja kabla, mbegu zilizotokana na mche uliojulikana kwa namba 5318/34 zilikuwa zimepelekwa Nigeria, kituo cha kilimo cha Moor Plantation, Ibadan. Kutokana nazo ikachaguliwa aina iliyopewa namba 58308. Miaka ya 1970 watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha kitropiki, Ibadan hapo hapo, wakaitumia kama mzazi, na katika uzao wake ikatoka TMS 30572. Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali ikaanza kufagia mashamba ya Uganda, watu wakaacha kabisa kulima muhogo katika maeneo mengi. Moja ya mbegu zilizorudisha muhogo Uganda ni Migyera, yaani Nase 3. Na Migyera ni nini? Ni TMS 30572. Damu ya Amani, imezunguka Afrika Magharibi, imerudi kulisha jirani yetu zaidi ya miaka thelathini baada ya programu kufungwa.

Na kuna mbegu nyingine ya Amani haikwenda mbali hivyo. Namikonga ya kusini mwa Tanzania, Kaleso ya pwani ya Kenya: inatambuliwa kuwa ni ile 46106/27 ya Amani. Kituo kiliacha, wakulima wakaendelea kupeana pingili, jirani kwa jirani. Leo ukitafuta kinga ya michirizi ya kahawia, Namikonga ni kati ya wazazi wa kwanza utakaowataja.

Najua mtaniambia: Profesa, ile ilikuwa serikali ya kikoloni, ilikuwa na sababu zake. Kweli, na siitamani. Wafanyakazi waliofunika maua kwa vifuko, waliobeba pingili na kung'oa mizizi kila msimu, majina yao hayapo juu ya makala yoyote, na hilo linaniuma hadi leo. Lakini nchi huru inaweza kuwa na subira kwa ajili ya watu wake yenyewe, au subira ni mali ya mkoloni?

Mtaniambia pia siku hizi tuna vinasaba, mambo yamekuwa ya haraka. Yamekuwa, nami nafurahi. Unaweza kuutupa mche mbovu ungali mchanga. Ila muhogo haujui kwamba umesomwa vinasaba. Bado unakaa ardhini miezi yake ile ile. Na virusi vya michirizi ya kahawia, ugonjwa alioandika Storey mwaka 1936, vilitambuliwa rasmi mwaka 2001. Miaka 65, na miaka mitatu tu baadaye ugonjwa ukaonekana upya Uganda, sehemu za juu ambako ulidhaniwa hauwezi kukaa.

Wanangu wa uzamivu, nawaona mnavyoandika maandiko ya miradi. Kijana aliyeanza shamba la majaribio mwaka wake wa kwanza kazini anaulizwa mbele ya kamati: machapisho mangapi? Anasema shamba halijakomaa. Anakosa cheo. Mwakani analiacha shamba, anajiunga na mradi wa watu wengine wenye makala za haraka. Mnamlaumu yeye?

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kusema mengi kuhusu hebaria, ile hifadhi ya vielelezo vya mimea iliyokaushwa, nitayasema kwa mbio. Kitabu cha mimea ya Afrika Mashariki ya tropiki kilianza kutoka mwaka 1952, kikakamilika mwaka 2012, aina zipatazo 12,000. Hakuna aliyeanza akiwa na uhakika wa kumaliza. Kila kielelezo ulichokiacha ndani ya gazeti nyuma ya mlango wa ofisi, bila lebo, bila tarehe, kitaliwa na wadudu. Kipeleke hebaria wiki hii. Suala la mafunzo kwa vitendo na mabasi ya idara ninaliacha, tutalizungumza wakati wa maswali.

Ninachoomba ni kitu kimoja. Kanuni za kupandisha vyeo zitambue mbegu iliyofika kwa mkulima, shamba la majaribio lililotunzwa mfululizo, na vielelezo vilivyohifadhiwa, sawa na makala. Rasimu ya pendekezo iko kwenye meza ile karibu na mlango, kurasa mbili tu. Wahadhiri, naomba muisome na kuisaini kabla hamjatoka, ili iwahi kikao kijacho cha Seneti.