Camulodunum: Mji Uliojengwa Vita Havijaisha

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Mwaka 43 Baada ya Kristo majeshi ya Roma yalivuka bahari na kuivamia Uingereza. Kaisari Claudius mwenyewe aliwafuata, akaingia Camulodunum, mji ambao leo ni Colchester. Alikaa kisiwani siku 16 tu, kisha akarudi nyumbani kusherehekea ushindi. Vita vyenyewe ndiyo kwanza vilikuwa vinaanza.

Lejioni ya 20, kikosi kikubwa cha jeshi la Roma, ilijenga ngome pale: boma la udongo, handaki, mabweni ya askari. Lakini kufikia mwaka 49 Wasilure, kabila la kusini mwa Wales, walikuwa wamegoma kusalimu amri, na liwali Ostorius Scapula aliihitaji lejioni hiyo magharibi. Nani abaki nyuma kulinda? Walowezi. Askari waliomaliza utumishi wao walipewa ardhi, na ngome ikageuzwa koloni, yaani mji wa walowezi hao. Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, analitaja kusudi lenyewe: wawe kinga dhidi ya waasi, na wawazoeze wenyeji kutii sheria.

Tazameni sasa walivyojenga. Baadhi ya mabweni yaligeuzwa nyumba za raia. Boma likasawazishwa, handaki likafukiwa, mji upate kupanuka. Wakajenga ukumbi wa baraza, jumba la michezo ya kuigiza, na hekalu kubwa la Claudius. Ukuta hawakujenga. Tacitus anawalaumu majemadari kwamba walitanguliza ya kupendeza kabla ya ya kufaa.

Wengi wakisoma habari hii hushikilia huo ukuta. Mimi nashikilia mashamba. Ardhi waliyopewa walowezi ilikuwa na wenyewe, kabila la Watrinovante. Walifukuzwa majumbani na mashambani mwao huku wakiitwa mateka na watumwa, na askari waliokuwa bado kazini waliunga mkono, kwa kuwa nao walitarajia kufanya vivyo hivyo zamu yao ikifika. Isitoshe, wenyeji walioteuliwa kuwa makuhani wa hekalu walifilisika kwa gharama za ibada. Ukimnyang'anya mtu shamba, kisha ukamlipisha gharama za kumwabudu aliyemshinda, umempa kila sababu ya kukusubiri.

Wakasubiri hadi mwaka 60 au 61, Boudica, malkia wa kabila la Waiceni, alipoinua mapanga. Liwali wa wakati huo, Suetonius Paulinus, alikuwa mbali, kwenye kisiwa cha Mona, leo Anglesey, pwani ya Wales. Mji uliomba msaada, msimamizi wa hazina akatuma watu wasiozidi 200, tena bila silaha kamili. Hata wazee na wanawake hawakuondolewa. Waasi waliuchoma mji; askari walijifungia hekaluni, wakastahimili siku 2, kisha hekalu nalo likatekwa.

Ukichimba katikati ya Colchester leo unakuta tabaka jekundu la moto ule. Kuta za udongo zilichomeka zikawa ngumu kama matofali, ndiyo maana zimedumu. Ndani yake wachimbaji walipata godoro lililogeuka mkaa, na tende zilizoungua, ambazo kisiwani hazioti: zilisafirishwa kutoka mbali hadi kwenye meza za walowezi, wakati magharibi wenzao wakiendelea kupigana.

Mji ulipojengwa upya, safari hii walizungushia ukuta wa mawe. Sehemu kubwa ya ukuta huo ingali imesimama.