Novemba Mnakuwa Mmechelewa

Wazee wetu, ndugu zangu, nanyi vijana mliosimama pale nyuma, habari za jioni. Wengine mmeshanisikia nikilisema hili, na leo nalirudia: hapa Massachusetts, ukisubiri uchaguzi mkuu wa Novemba ndipo umchague mbunge wa Washington, umechelewa.

Nianzie Houston, Texas. Tarehe 27 Julai 1940, daktari wa meno aitwaye Lonnie Smith alikwenda kituoni kuomba karatasi ya kura ya mchujo wa chama cha Democrat, yaani uchaguzi ambao chama hupata mgombea wake wa Novemba. Raia, mwenye sifa zote za mpiga kura, ila Mweusi. Msimamizi, S. E. Allwright, akamnyima. Sasa nisikilizeni vizuri. Novemba sheria haikumzuia Smith kupiga kura! Lakini Texas ilikuwa na wabunge 21, wote wa Democrat. Aliyepita mchujo Julai alikuwa ameshapita. Walimkaribisha mezani vyombo vimeshaoshwa.

Najua kuna atakayesema, “Mwalimu, chama kina wenyewe, kiachwe kichague watu wake.” Mahakama ya Juu ya Marekani nayo iliikubali hoja hiyo mwaka 1935. Haya, mchujo ule ulifuata sheria ya nani? Ya jimbo. Jina la mshindi liliwekwa kwenye karatasi ya Novemba kwa sheria ya nani? Ya jimbo hilo hilo. Basi faragha iko wapi hapo? Smith alishtaki, wakili Thurgood Marshall akaisimamia kesi yake, na tarehe 3 Aprili 1944 majaji wa Mahakama hiyo hiyo ya Juu, 8 kwa 1, wakampa Smith haki yake. Karibu miaka minne mtu anadai karatasi!

Sisi tunapewa, tunaiacha mezani. Tangu 1997 wabunge wetu wote katika Baraza la Wawakilishi Washington ni wa Democrat. Leo ni viti 9. Mwaka 2020 kiti cha wilaya ya 4 ya uchaguzi kilikuwa wazi, karatasi ya mchujo ikawa na majina 9. Jake Auchincloss akaongoza kwa asilimia 22 hivi. Texas angerudi kwenye duru ya pili na aliyemfuata. Hapa duru ya pili hakuna, akapita, na Novemba akashinda bila shida.

Ya fedha za kampeni na ya mipaka ya wilaya za uchaguzi nayaacha, naona mwenyekiti ananionyesha saa. Ila usiniambie, “Mimi sina chama.” Kama hukujiandikisha chini ya chama chochote, Septemba, siku ya mchujo, unaingia kituoni, unataja karatasi ya chama unachotaka, unapewa.