Kigeu Kinaposhuka Ngazi: make Ndani ya make

Jamani, habari za jioni. Leo nazungumzia GNU make, programu inayojenga programu nyingine kwa kufuata maagizo ya faili liitwalo Makefile. Tuchukue folda mbili tu. Juu kuna Makefile kuu. Chini yake, ndani ya folda `lib`, kuna nyingine. Ya juu inaiita ya chini kwa `$(MAKE) -C lib`. Tafadhali, msiandike `make` tupu hapo. Mkitumia `-j`, yaani kuendesha kazi kadhaa kwa wakati mmoja, ya chini haitajua kugawana kazi na ya juu.

Sasa, huko juu mmeandika `CFLAGS = -O2`. CFLAGS ni kigeu kinachobeba maelekezo ya kompaila ya C. Ya chini imeiona? Wapi! Kila make ni mchakato wake, unaosoma faili lake upya. Kama CFLAGS haikuwamo kwenye mazingira ya sheli tangu mwanzo, inabaki hukohuko juu. Mkitaka ivuke, andikeni `export CFLAGS`.

Lakini kuvuka si kutawala, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Kilichokuja kwa `export` kina hadhi ya mazingira tu. Faili la chini likisema `CFLAGS = -g`, basi `-g` imeshinda. Likitumia `?=`, litaheshimu iliyotoka juu. Likitumia `+=`, litaongezea.

Mkiandika `make CFLAGS=-O2` kwenye terminali, mambo yanageuka. Thamani hiyo inabebwa ndani ya MAKEFLAGS, kigeu ambacho make hupitishia chaguo zake kwa make za chini, hadi ngazi ya mwisho, na inazishinda zote zilizoandikwa kwenye mafaili. Hata `+=`! Tuseme `lib` inajenga maktaba ya pamoja (shared library) na ina `CFLAGS += -fPIC`, chaguo ambalo maktaba ya namna hiyo huhitaji. Nyongeza hiyo inapuuzwa kimya kimya. Kompaila inamaliza salama salmini, halafu, kwenye mashine za x86-64, mara nyingi kiunganishi (linker) ndicho kinacholalamika, na mtu anaanza kusaka mchawi huko kwenye kiunganishi.

Mnaweza kuandika `override CFLAGS += -fPIC`. Itafanya kazi, maana `override` inaipa faili nguvu juu ya amri ya terminali. Mimi napendelea kumwachia mtumiaji CFLAGS yake, na `-fPIC` niiweke moja kwa moja kwenye amri ya kujenga.

Kuna aliyeuliza kama ya chini inaweza kuirudishia ya juu thamani. Haiwezi. Iandike kwenye faili, ya juu ije ilisome.

Mkishindwa kujua nani kashinda, wekeni mstari huu katika kila Makefile: `$(info $(MAKELEVEL) $(origin CFLAGS))`. MAKELEVEL ni namba ya ngazi: ya juu kabisa itaonyesha 0, na baada ya namba mtasoma thamani imetoka wapi: `file`, `environment` au `command line`.