Hawakuja Chuoni Kulipia Kopi

Mhadhara kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, Tabora

Mkuu wa chuo, walimu wetu, wanafunzi wenzangu. Na ninyi baba na mama zangu mlioketi safu za nyuma karibu na mlango, shikamooni. Nawaomba msogee mbele. Viti vipo, na haya ninayokuja kuyasema yanawahusu ninyi kuliko mtu mwingine yeyote humu ndani.

Nimeombwa nizungumzie kazi za kundi. Orodha za makundi zikibandikwa, wengi wenu mtajikuta pamoja na mtu aliyeajiriwa serikalini kabla ninyi hamjazaliwa. Katika kozi yetu ya utunzaji wa kumbukumbu hilo haliepukiki. Kuna tuliotoka kidato cha nne moja kwa moja, na kuna watumishi walioko kwenye ruhusa ya masomo: wahudumu wa masijala, yaani ofisi inayotunza mafaili na barua, makarani, watendaji wa vijiji kutoka Sikonge, Urambo, Uyui. Nina jambo moja la kuwaambia, vijana wenzangu. Ile heshima tuliyofundishwa nyumbani, tusipoiangalia vizuri, ndiyo itakayotuzuia kusoma na watu hawa.

Katika makundi mengi niliyoyaona hapa, kazi hugawanywa hata kabla swali halijasomwa. Vijana watachapa, wakubwa watatoa hela ya kopi na ya kujalidi. Hakuna anayeamuru. Mambo hujipanga yenyewe, tena kwa adabu kabisa: "Mama, wewe usihangaike na kompyuta, tutakufanyia." Nani atamlaumu kijana anayesema hivyo? Ila katika kundi letu la mwaka jana alikuwepo mama mmoja aliyefanya kazi masijala ya halmashauri kwa miaka mingi, na siku ya kwanza tu alituambia: "Wanangu, hela ya steshenari nitachangia kama ninyi. Lakini mimi nimekuja kusoma."

Mwaka 1913 mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, alichapisha matokeo ya majaribio ya watu kuvuta kamba. Aliona kwamba watu wakiwa wanane, kila mmoja huvuta kwa takriban nusu tu ya nguvu anayoitoa akiwa peke yake. Sababu moja ni kwamba mvuto wao haulingani. Nyingine ilithibitishwa baadaye na watafiti wa saikolojia: mtu akiwa katikati ya wengi hulegeza mkono, akijua kamba itasogea tu. Sasa tazameni makundi yetu. Umri unatupa kisingizio kizuri cha kulegeza. Kijana analegea kwenye kufikiri kwa kuwa mzee anajua, na mzee analegea kwenye kuandika kwa kuwa watoto wanajua kompyuta. Kila mmoja anaona amemheshimu mwenzake, na mwisho wa muhula alama ni moja kwa wote.

Niwaeleze kazi yenyewe tuliyopewa, maana ndimo nilimojifunza. Tulitakiwa kufuatilia safari ya barua katika ofisi moja ya umma, tangu inapopokelewa hadi faili linapofungwa, kisha tueleze kwa nini mafaili hupotea. Sisi vijana, kwa kufuata madaftari yetu ya darasani, tulikuwa na jibu tayari: kompyuta ni chache na makabati yamechakaa. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama kuna mmoja wetu aliyeomba kuona daftari la kutolea mafaili, lile linaloandikwa faili limekwenda kwa nani na limerudi lini.

Tulikwenda kuliomba. Kurasa zilikuwa na tarehe za kutoka nyingi na tarehe za kurudi chache. Mama akatuelekeza tusiulize tena masijala, tuulize kwenye meza za maofisa. Mengi ya mafaili "yaliyopotea" yalikuwepo ndani ya jengo lilelile. Yametolewa kwa haraka kwa sababu bosi anayataka sasa hivi, hayakuandikwa, kisha ofisa mmoja akampa mwenzake mkononi bila masijala kujua. Kompyuta peke yake haiponyi hilo. Siku hizi ofisi nyingi za serikali zinahamia kwenye ofisi mtandao, yaani barua na mafaili kushughulikiwa kwa kompyuta, na ni jambo jema, lakini mtu anayekwepa daftari leo atatafuta njia ya kukwepa mfumo kesho. Hakuna kitabu chetu cha darasani kilichotufikisha hapo. Aliyetufikisha ni mtu aliyewahi kugombezwa na mkuu wake kwa faili ambalo mkuu huyohuyo alikuwa amelifungia kwenye droo.

Lakini kisa hakiishii kwenye hekima ya wakubwa, na hapa ndipo vijana wengi tunapokwama. Tulikuwa pia na mzee mmoja, mtendaji wa kijiji. Yeye alishikilia kwamba faili likikosekana, dawa ni kufungua faili la muda na kuendelea na kazi. Ndivyo alivyozoea. Tulijua sivyo kamili: faili la muda linaruhusiwa, ila lile la asili likipatikana lazima yaunganishwe, la sivyo habari za mtu mmoja zinakaa sehemu mbili na hakuna anayeziona zote. Fikiria mtumishi anayestaafu, barua yake ya kupandishwa daraja imo katika faili ambalo hakuna anayekumbuka kwamba lipo. Mafao yake yatakokotolewa kwa lipi?

Kundi zima lilikaa kimya. Nani amwambie mzee? Msichana mdogo kuliko wote ndiye aliyesema. Alianza na "samahani baba yangu", akafungua ukurasa unaoeleza jambo hilo, akamwomba asome mwenyewe, kisha akamuuliza kama kule kwao amewahi kuona mtu akisumbuka kwa mafaili mawili. Mzee alisoma. Alifikiri kitambo, akatupa mfano kutoka kijijini kwake mwenyewe, na mfano huo ndio uliokuwa sehemu bora ya ripoti yetu. Angalieni namna alivyofanya yule binti. Hakumshinda mzee mbele ya watu, na hakumwachia akosee kwa kumwonea haya. Kumwacha mtu mzima abaki na kosa kwa sababu ni mtu mzima, mimi siwezi kuita hiyo heshima.

Wala haya mambo ya kuchanganya umri darasani hayakuanza na sisi. Mwalimu Nyerere, aliyesoma sekondari hapahapa Tabora, aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Azimio la Musoma la 1974 likataka wanaomaliza kidato cha sita wafanye kazi kwanza ndipo waingie chuo kikuu, hivyo waliokuja darasani walikuja na maswali kutoka kazini. Mmarekani Malcolm Knowles, mtaalamu wa elimu ya watu wazima, aliandika kwamba mtu mzima hujifunza akijua sababu ya kujifunza, na kwamba uzoefu wake ni sehemu ya somo. Sisi tunampa kazi ya kulipia kopi!

Kuhusu kompyuta nitasema kwa ufupi. Usimnyang'anye mama kipanya. Atachapa polepole, utaona mkono wako unawasha, vumilia. Akirudi kazini kwake, mfumo wa kompyuta utamdai nywila yake, siyo yako. Na ninyi wazazi wetu, msisukume kompyuta upande wa mtoto mkisema macho hayaoni. Herufi zinakuzwa.

Halafu saa za kukutana. Vijana tunapenda usiku, saa tatu, saa nne, na ujumbe unatumwa kwenye WhatsApp saa sita. Mwenzako ana familia inayomsubiri Ipuli au Isevya, na bodaboda za usiku ni gharama. Asipofika, wasiomjua huandika kwamba hakushiriki. Kundi letu lilikutana mchana chini ya mwembe baada ya kipindi cha mwisho, na mahudhurio yalikuwa kamili.

Walimu wetu, kwenu nina ombi. Siku ya kuwasilisha, tafadhali msimpokee msemaji mmoja aliyechaguliwa kwa kuwa ana Kiingereza kizuri, wala mzee aliyesimamishwa kwa ajili ya mvi zake. Mwulizeni kila mmoja swali kuhusu sehemu ambayo hakuiandika yeye. Mkiitangaza kanuni hiyo tangu wiki ya kwanza, makundi yatalazimika kufundishana, kwa maana hakuna atakayejua ataulizwa nini.

Nimesema yangu. Sasa ningependa kuanza na maswali kutoka kwa mama zangu na baba zangu, hasa wale ambao wameshawekwa kwenye kundi la kuchangia hela tu. Kipaza sauti kipo, karibuni.