Laini ngapi zimesajiliwa kwa NIDA yako? Kagua sasa hivi

Karibu. Leo tunakagua kitu ambacho wengi hatukiangalii tena tukishasajili laini kwa alama za vidole: ni namba ngapi za simu zinatembea huko nje kwa jina lako. Tapeli anayetuma "ile hela tuma kwenye namba hii" hatumii laini yenye jina lake. Anatumia ya mtu mwingine, na polisi wakifuatilia, jina la kwanza kuonekana ni la huyo mwingine. Tunataka lisiwe lako.

Andaa namba yako ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, ile ya tarakimu 20. Fungua sehemu ya kupigia, andika *106#, piga. Menyu hutofautiana kidogo kati ya mtandao na mtandao, kwa hiyo isome yote; tafuta kipengele cha kuangalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiombwa namba ya NIDA, iandike bila vistari. Una laini za mitandao miwili? Rudia zoezi kwenye kila laini.

Sasa pitia orodha taratibu. Hii yako. Hii ulimsajilia mama kijijini. Hii ya rauta. Na hii?

Usiipigie. Ukiipiga, umeshampa aliyenayo namba yako. Nenda kwenye duka la mtandao husika, siyo kwa wakala wa mwavuli barabarani, ukiwa na kitambulisho, useme kuna namba huitambui na unataka ifutwe kwenye usajili wako. Baada ya siku chache piga tena *106# uone kama kweli imeondoka.

Namba hiyo iliingiaje? Mara nyingi ni hapa, tazama kwa karibu. Kidole gumba kiko kwenye mashine, taa inawaka, wakala anatikisa kichwa: "Hakijasoma, futa jasho uweke tena." Inawezekana kweli hakijasoma, mkono uliozoea jembe au saruji, alama husagika. Lakini inawezekana pia kidole cha kwanza kilishasoma, na cha pili kinasajili laini nyingine usiyoijua. Kwa hiyo kabla ya kurudia, mwambie akugeuzie kioo cha simu yake uone kosa lililoandikwa na namba inayosajiliwa. Ni haki yako, usione aibu. Na usiondoke pale kabla hujapiga *106#.

Tukiwa bado na kitambulisho mkononi: tarakimu nane za mwanzo za NIDA ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa. Kila uliyemwachia kopi anazo. Kama namba yako ya siri ya pesa za simu ni mwaka wa kuzaliwa, ibadilishe leo.

Simu ikiibiwa, mwizi anaweza kuchomoa laini, kuiweka kwenye simu yake na kupokea ujumbe wenye namba za uthibitisho. Zuia hilo kwa kuifunga laini yenyewe: ingia mipangilio, sehemu ya usalama, washa PIN ya SIM kadi. PIN ya kuanzia huwa kwenye ile kadi ya plastiki laini ilipobanduliwa. Usibahatishe! Ukikosea mara tatu itadai PUK, namba ya kuifungulia laini, yenye tarakimu nane, na ukikosea PUK mara kumi, laini hiyo imekufa.

Kuna mtego mwingine hauhitaji kuiba chochote. Mtu anakupigia kama "huduma kwa wateja", anakuomba upige *21* ikifuatiwa na namba fulani na alama ya reli (#). Ukipiga, simu zako zote zinaelekezwa kwake, pamoja na ile ya WhatsApp inayosoma namba ya uthibitisho kwa sauti. Kagua kwa *#21#. Ukiona namba ya mtu usiyemjua, piga ##002#, uelekezaji wote unafutwa. Kisha ndani ya WhatsApp fungua Mipangilio, Akaunti, washa uthibitishaji wa hatua mbili, uweke PIN ya tarakimu sita. Hapo hata akiipata namba ya uthibitisho, bado anakwama kwenye PIN.

Na meseji ya tapeli ikiingia, usiifute kwanza. Ibonyeze kwa muda, chagua kusambaza, tuma kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli. Utajibiwa uandike namba iliyokutumia; iandike yote, tarakimu moja ikikosewa unamripoti mtu mwingine. Ukishatuma, ndipo ufute.