Kiganja, kamba na goti: jinsi ya kujifunza mapigano ya Pancrase ya zamani

Karibuni, watazamaji wetu. Leo tuko kwenye mkeka na somo ni moja: namna walivyopigana wale jamaa wa Japani waliouita mchezo wao mieleka mseto, na namna ya wewe na mwenzako kuufanyia mazoezi bila kuvunjana. Tutapiga kiganja, tutafunga goti, kisha tutacheza raundi zenye kamba na pointi kama zilivyochezwa miaka ya 1990. Kabla ya kusogea, hakikisha mna mkeka mnene, pedi mbili za kupigia na vikinga meno viwili. Chagua mwenza ambaye uzito wake haupishani sana na wako.

Kwanza sheria, maana bila sheria hutaelewa kwa nini mwili unakaa hivi na si vile. Pancrase, shirika la Japani la mapigano ndilo lililouita mchezo huo mieleka mseto, ilianzishwa mwaka 1993 na Masakatsu Funaki na Minoru Suzuki, wanamieleka wa kulipwa waliochoshwa na matokeo ya kupangwa. Mwalimu wao alikuwa Karl Gotch, Mbelgiji aliyenolewa kwenye ukumbi wa Billy Riley kule Wigan, Uingereza, na hizi kufuli za miguu, yaani mbinu za kukaza kiungo mpaka mpinzani asalimu amri, zilipita kwake. Onyesho la kwanza lilifanyika tarehe 21 Septemba 1993 katika ukumbi wa Tokyo Bay NK Hall. Mapambano yalikuwa matano, na yote kwa jumla yalichukua dakika 13 na sekunde 5. Watazamaji waliozoea mieleka ya nusu saa walibaki wanaangaliana. Wiki chache baadaye, Novemba 12, mmoja wa wapiganaji hao, Ken Shamrock, alikuwa Marekani akipigana kwenye UFC ya kwanza, mashindano ya mapigano ya mitindo mchanganyiko. Kwa hiyo Wajapani walitangulia, tena walitangulia na mfumo uliokamilika.

Sheria zenyewe za miaka ile ni hizi. Kichwani hairuhusiwi ngumi iliyokunjwa. Unapiga kwa kiganja kilichofunguliwa. Mateke na magoti yanaruhusiwa. Glavu hakuna, ila mpiganaji anavaa buti na vikinga ugoko. Ukinaswa kwenye kufuli au kabali, unaweza kushika kamba ya ulingo. Mwamuzi atawaachanisha, lakini umepoteza pointi. Pointi zina kikomo, zikiisha umeshindwa. Ukiangushwa kwa pigo, mwamuzi anahesabu mpaka kumi.

Shika jambo hili hapa mwanzoni, kwa sababu somo zima limejengwa juu yake: kwa sheria hizi, kufuli nzuri iliyofungwa karibu na kamba ni nusu ya kazi tu. Mpinzani ananyoosha mkono, anashika, mnaanza upya mkiwa wima. Kufuli inayomaliza pambano inafungwa katikati ya ulingo.

Sasa tuanze na kiganja. Nyoosha mkono mbele yako. Kunja kifundo cha mkono kwa nyuma mpaka kiganja kitazame mbele, lakini usikikaze mpaka mwisho. Acha kinafasi kidogo cha kunesa. Vidole vikunje kwenye kiungo cha pili, kucha zielekee chini. Kidole gumba kilaze ubavuni mwa kiganja. Unapiga kwa kitako cha kiganja, ile nyama nene iliyo juu kidogo ya kifundo, upande wa kidole gumba.

Tazameni mkono huu kwa karibu. Hapa vidole vimenyooka, na hilo ndilo kosa la kwanza. Vidole vilivyonyooka vinatangulia kufika, vinaingia machoni mwa mwenzako au vinapinda kinyume. Kosa la pili ni hili: kidole gumba kimeachwa nje. Pigo la kuzunguka likikosa shavu, gumba linajikwaa begani na kiungo chake kinateguka. La tatu halionekani kwa urahisi: kiwiko kimeinuka pembeni huku kifundo kimekazwa mpaka mwisho. Nguvu yote ya pigo inarudi kwenye kifundo, na kesho yake hata kufungua mlango ni shida. Shusha kiwiko kiwe nyuma ya kiganja, mstari mmoja.

Pigo la moja kwa moja linalenga kidevu. Pigo la kuzunguka linalenga upande wa taya, na hapo mwili wote uzunguke: kisigino cha nyuma kinainuka, nyonga inageuka, bega linafuata, kiganja kinafika mwisho. Piga pedi mara 20 kila mkono kwa nusu ya nguvu, pumzika dakika moja, rudia mara tatu. Usisikilize sauti. Mlio mkubwa kama wa kofi mara nyingi unamaanisha umepiga kwa vidole na katikati ya kiganja. Kitako cha kiganja kikikaa sawasawa, sauti ni nzito na fupi, na anayeshika pedi anasukumwa nyuma.

Asikudanganye mtu kwamba kiganja ni pigo la mzaha. Bas Rutten wa Uholanzi alimmaliza Ryushi Yanagisawa kwa sekunde 43 kwenye onyesho lile la kwanza. Mwezi Septemba 1996 alimpiga Funaki mwenyewe viganja na magoti mpaka pambano likaisha baada ya dakika 17. Mkono usio na glavu, ukikunjwa ngumi na kugonga paji la uso, huvunjika mifupa yake midogo. Kiganja kinavumilia. Ndiyo maana Rutten aliweza kurusha mapigo mengi kwa nguvu zote bila kuihurumia mikono yake.

Kiganja kina kazi nyingine, na hii ndiyo ninayotaka muizoee: kinainua mikono ya mpinzani. Piga kiganja cha kulia kuelekea usoni. Akiinua mikono kujikinga, ubavu wake wa kulia unabaki wazi, na ini liko hapo, chini ya mbavu za mwisho. Shika shingo yake kwa nyuma, vuta kichwa kidogo kuelekea kulia kwako, kisha ingiza goti lako la kushoto. Julai 1994 Rutten alimwangusha Suzuki kwa goti la ini. Kwenye mazoezi mwenzako avae pedi ya tumbo, na wewe ligusishe goti tu. Pigo la ini halizoeleki kwa kulirudia.

Sasa tushuke chini, kwenye goti. Nimechagua kufuli la goti kwa sababu mbili. Kwanza, ndilo lililoamua mapambano makubwa ya enzi ile. Machi 1995 Ken Shamrock alimfunga Rutten goti ndani ya dakika moja na sekunde moja tu. Miezi miwili baadaye Suzuki alimfunga Shamrock huyohuyo goti na kumnyang'anya mkanda wa Mfalme wa Pancrase. Januari 1996 Frank Shamrock naye akamfunga Suzuki goti. Sababu ya pili ni usalama. Kwenye kufuli la goti, maumivu yanakuja kabla ya kano kukatika, kwa hiyo mtu anapata muda wa kugonga, yaani kuashiria kwa mkono kwamba amesalimu amri. Kufuli la kuzungusha kisigino, ambalo nalo lilitumika sana siku zile, halina huruma hiyo: linasokota goti, na mara nyingi maumivu yanafika kano ikiwa imeshaharibika. Kama ndiyo unaanza, hilo liache kabisa mpaka upate kocha wa kukusimamia.

Mwenzako alale chali. Wewe simama kati ya miguu yake, mmetazamana. Tunataka mguu wake wa kushoto, ambao uko upande wako wa kulia.

Hatua ya kwanza: ukumbatie mguu huo kwa mkono wako wa kulia, uubane kifuani, unyayo wake ukiwa juu karibu na bega lako. Usiushike kwa vidole. Ubane kwa kiwiko, mkono umezunguka shavu la mguu.

Hatua ya pili: mguu wako wa kulia ubaki pale pale kati ya miguu yake, ndio mhimili wako. Mguu wako wa kushoto uvushe juu ya tumbo lake, ukanyage ubavuni mwake upande wa kushoto. Mwili wako unazunguka kuelekea kulia, mpaka unampa mgongo na kutazama kule miguu yake ilipo. Sasa paja lake liko katikati ya miguu yako.

Hatua ya tatu: kaa chini. Kaa tumboni kwake, karibu kabisa na nyonga. Wengi hukaa nusunusu, wakaacha mwanya kati ya makalio yao na nyonga ya mpinzani. Mwanya huo ndio mlango wa kutokea: anakunja goti, analivuta, mguu umeponyoka. Funga mlango kwanza, mambo ya kunyoosha baadaye.

Hatua ya nne: bana magoti yako pamoja, angukia ubavu wako wa kushoto, mguu ukiwa bado kifuani. Unyayo wako wa kulia usukume tako lake ili asikae akakufuata. Sasa kagua mambo mawili. Pia ya goti lake inatazama kinenani mwako? Na kinena chako kiko juu kidogo ya pia hiyo, upande wa paja? Kikiwa chini yake, kwenye ugoko, unasukuma mfupa tu na hakuna kinachotokea. Na kama pia ya goti imegeukia pembeni, goti halinyooki, linapinda kwa ubavu, na hapo unaweza kumuumiza vibaya bila kukusudia. Rekebisha kwanza, kisha uendelee.

Hatua ya tano: kumbatia mguu kwa mikono yote miwili, kisigino kimebanwa kwenye bega. Vuta kifua nyuma, sukuma nyonga mbele, polepole, kwa hesabu ya moja, mbili, tatu. Mwenzako agonge mapema, mara mbili, mkekani au mwilini mwako. Mikono ikishindwa kufika, atamke. Ukisikia kugonga, acha nyonga kwanza, mikono baadaye.

Rudieni mara 10 kila upande bila kunyoosha goti hata kidogo, mkiishia hatua ya nne. Kisha mara tano mkimalizia hatua ya tano. Nguvu usiiongeze, ongeza ukaribu. Mtu mwepesi aliyebana magoti vizuri anamfunga mzito aliyeacha mwanya.

Kwa upande wa anayefungwa, kujiokoa kunaanza mapema. Mara tu unapohisi mwenzako anavusha mguu juu ya tumbo lako, kunja goti na ulizungushe, pia yake isitazame kinena chake. Kaa haraka, uushike mguu wake wa juu, uusukume mbali na paja lako. Ukisubiri mpaka mguu umenyooka, kilichobaki ni kamba au kugonga.

Na kamba ndiyo sehemu tamu ya mchezo huu. Kama hamna ulingo, chukua utepe wa kubandika na chora mraba wa mita 6 kwa 6 kwenye mkeka. Utepe ndio kamba. Sasa tufanye hesabu kidogo. Kutoka katikati mpaka kwenye utepe ni mita 3. Mtu mzima akilala na kunyoosha mkono juu ya kichwa, anachukua zaidi ya mita 2. Maana yake miguu yake ikiwa katikati kabisa ya ulingo, anahitaji kujikokota pungufu ya mita moja tu. Ukimfunga akiwa amebakiza hatua moja kufika kwenye kamba, umempa zawadi.

Kwa hiyo, kabla ya hatua ya kwanza, angalia kichwa chake kimeelekea wapi. Kikiwa karibu na kamba, mvute kwa miguu yote miwili kurudi katikati, au mzungushe ili kamba iliyo karibu iwe upande wa miguu yake, kule ambako mikono haifiki. Wewe mwenyewe ukianguka ubavu, uzito wako umgandamize; usiruhusu mvutano wa kufuli umburute kuelekea kamba. Hili la mwisho linawaponyoka hata wazoefu: wanavuta kwa nguvu, wanateleza pamoja, na mkono wa mpinzani unajikuta juu ya kamba.

Sasa raundi. Kila mmoja anaanza na pointi tatu. Chezeni dakika tano, mkianzia magotini, bila mapigo kwanza. Anayegusa utepe anapoteza pointi moja, mnaachana, mnarudi katikati. Anayegonga amepoteza raundi. Pointi zikiisha vilevile. Mwekeni mtu wa tatu awe mwamuzi, kwa sababu wawili mnaosokotana hamwezi kuona mkono umegusa au bado. Mkishazoea, wiki ya pili ongezeni viganja vyepesi mkiwa wima, kikinga meno kinywani, na lengo liwe kifuani badala ya usoni.

Mtaona tabia inabadilika. Mwenye pointi tatu anathubutu kuushambulia mguu hata mahali pabaya, kwa sababu akikosea ana pa kukimbilia. Aliyebakiwa na moja anaanza kupigana akiwa ameegemea kamba, na hapo ndipo viganja vinapomfaa mpinzani wake, kumfukuza kutoka pembeni. Ukiwa unaongoza kwa pointi, usimfuate kwenye kamba kwa mieleka. Mpige, rudi hatua mbili, mwache aje katikati, kisha ushike mguu.

Kuhusu buti: mpinzani alipozivaa, aliyemfunga mguu alipata mshiko mzuri zaidi, kwa sababu soli na kisigino haviponyoki kwa jasho. Mwenzako akiwa peku, mguu wenye jasho unateleza, kwa hiyo panda na kumbatio lako hadi kwenye shavu la mguu na usitegemee kisigino. Goti likihisi kulegea au likivimba siku inayofuata, usirudi kwenye kufuli za miguu mpaka mtaalamu wa afya aliangalie. Viganja kwenye pedi unaweza kuendelea navyo ukiwa umekaa.

Kwenye video ijayo tunaenda kwenye kabali ya nyuma, ile iliyommaliza Rutten mikononi mwa Ken Shamrock baada ya zaidi ya dakika 16, Julai 1994. Leteni mikeka ileile na utepe uleule.